Kukusanya kalamu za wino za makie za zamani kutoka Japani: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kalamu ya makie, yaani ya wino yenye picha iliyochorwa kwa unga wa dhahabu, inakunasa kwa picha. Unapitia mnada wa onlaini usiku, unamwona samaki wa dhahabu anaogelea kwenye giza jeusi, na kabla hujajiuliza swali hata moja tayari unatafuta kadi ya benki. Mimi hizi kalamu nimekaa nazo miaka sasa na nazipenda kweli, na kama kuna kitu kimoja nakusihi ukishike ni mpangilio wa kutazama: anza na mwili wa kalamu, alafu nibu, ile ncha ya chuma ya kuandikia, alafu picha, sahihi ya fundi iwe ya mwisho kabisa. Wengi wanaenda kinyume, wanaona sahihi na muhuri mwekundu wanalipa, alafu ndio wanakuja kugundua mwili umepasuka.

Kwanza jua umeshika nini

Ule weusi unaong'aa sio rangi ya dukani. Unaitwa urushi, ni utomvu wa mti. Fundi anachanja gome, utomvu unatiririka kidogokidogo, unachujwa, unapakwa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Na hauanikwi juani, yaani ni kinyume kabisa na tulivyozoea, urushi inataka unyevu ndio igande, kwa hiyo kalamu inafungiwa kwenye kabati lenye unyevunyevu, inatoka, inasuguliwa, inapakwa tena, na kalamu moja nzuri inaweza kula miezi kadhaa.

Huu mti ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Kama umewahi kuungua mdomo kwa utomvu wa embe bichi, au unawajua wanaobangua korosho kule Mtwara na Lindi wanavyopaka majivu au mafuta mikononi ili ganda lisiwababue, basi umeshaielewa urushi mbichi: inababua vilevile, mafundi wanaoanza wanavimba hadi uso. Ikishaganda haina madhara tena, usiogope kushika. Na undugu huo hauishii hapo, kwa sababu Wajapani walitengeneza rangi ya bei nafuu kutokana na mafuta ya ganda la korosho, wanaiita kashuu, inafanana na urushi kwa macho. Ukikuta neno カシュー kwenye tangazo, hiyo ndiyo. Sio kitu kibaya, ila usiilipie bei ya urushi.

Makie yenyewe maana yake ni picha iliyonyunyizwa. Fundi anachora kwa urushi akitumia brashi nyembamba sana, za manyoya ya panya zilikuwa ndio bora, na kabla haijaganda ananyunyizia unga wa dhahabu au fedha kutoka kwenye kibomba kidogo chenye kitambaa mdomoni, anakigongagonga kwa kidole, unga unadondoka pale anapotaka. Hebu fikiria kufanya hivyo juu ya kitu cha mviringo chenye unene wa kidole.

Historia kidogo, kwa sababu ndiyo inakwambia kalamu ni ya lini

Kalamu za mwanzo zilikuwa za ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Shida ya ebonaiti ni jua na maji, baada ya muda weusi unageuka kahawia au kijani cha tope. Ryosuke Namiki, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha ubaharia Tokyo, alianzisha kampuni ya Namiki mwaka 1918 pamoja na Masao Wada, na katikati ya miaka ya 1920 wakapata njia ya kuifunika ebonaiti kwa urushi ili isipauke. Kwa hiyo urushi iliingia kwenye kalamu kama kinga kwanza, na urembo ukafuata. Wakamleta Gonroku Matsuda, fundi mzaliwa wa Kanazawa ambaye mwaka 1955 serikali ya Japani ilimpa heshima ya hazina hai ya taifa, na mwaka 1931 mafundi wa kampuni wakaunda kundi lao, Kokkokai. Mwaka 1930 walikuwa wameshaingia mkataba na Alfred Dunhill, kalamu zikauzwa London na Paris zikiwa na jina la Dunhill-Namiki. Hizo sasa hivi ni za matajiri, tuwaachie.

Kumbuka vitu viwili. Kampuni ilibadili jina kuwa Pilot mwaka 1938, lakini jina la Namiki lilikuja kurudishwa baadaye kwa kalamu zao za kifahari na linatumika mpaka leo, kwa hiyo neno NAMIKI peke yake halithibitishi uzee hata kidogo. Pili, Pilot haikuwa peke yake, Sailor ilianza 1911 kule Kure, Hiroshima, na Platinum 1919, zote zina kalamu za makie nzuri, na mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko Pilot kwa sababu tu watu hawazikimbilii.

Anzia wapi

Anzia kalamu fupi za mfukoni za miaka ya 1960 na 1970. Ni zile ambazo ukifunga zinakuwa fupi kama kidole, ukichomeka kifuniko nyuma zinakuwa kalamu kamili. Pilot, Sailor na Platinum wote walizitengeneza kwa wingi, na baadhi zilipambwa kwa makie au kwa chinkin, ambayo ni kuchonga mistari kwenye urushi kwa patasi ndogo alafu dhahabu inasuguliwa ndani ya mchongo. Ya kwanza yangu ilikuwa ya aina hii, majani ya mwanzi tu na nyasi mbili tatu, nililipa yeni 14,000 na bado ndio ninayoandikia orodha ya sokoni.

Faida yake ni kwamba zinatumia katriji, kichupa kidogo cha wino cha kubadilisha, hamna vizibo vya ndani vya kuoza, na nibu mara nyingi ni dhahabu ya 14K au 18K. Ukinunua mbili tatu hizi na ukaziangalia kila siku kwa lenzi, jicho lako litafunguka kuliko kusoma makala mia. Ukirukia moja kwa moja kalamu kubwa ya ebonaiti ya kabla ya vita bila jicho hilo, utapigwa, tena mchana kweupe.

Kutafuta

Kalamu nyingi bado ziko Japani, kwenye Yahoo Auctions ya kwao na Mercari, na huko unanunua kupitia wakala kama Buyee au ZenMarket, yeye ananunua, anapokea, anakutumia. eBay ipo pia, ila wauzaji wengi wa pale wananunua hukohuko alafu wanaongeza juu.

Tafuta kwa Kijapani, nakili maneno haya: 蒔絵 ni makie, 万年筆 ni kalamu ya wino, 漆 ni urushi, 沈金 ni chinkin. 銘あり maana yake ina sahihi. 共箱 ni boksi lake halisi. ジャンク ni mbovu, inauzwa kama ilivyo, na ukinunua yenye neno hilo huna wa kumlalamikia. Alafu jaribu kuondoa neno la makie kabisa, tafuta kalamu za zamani tu kwa jina la kampuni, kwa sababu kuna watu wanauza vitu vya babu yao na hawajui ile nyasi ya dhahabu ina jina. Uvumilivu hapa una bei kabisa.

Kukagua mwili

Hapa usiwe na haraka. Muombe muuzaji picha, na uziombe kwa majina: mdomo wa kifuniko kwa karibu, uzi wa kufungia (ile mistari ya kuzungushia kifuniko kama ya skrubu), mkia wa kalamu, nibu kwa mbele na kwa ubavu, na picha moja ambayo taa imewekwa pembeni, sio juu. Taa ya pembeni ndiyo inayosema ukweli. Mwanga wa mbele unafuta kila kitu, ila wa pembeni unaonyesha mikwaruzo, mabonde, urushi iliyonyanyuka, na mahali palipopakwa upya.

Mdomo wa kifuniko ndipo nyufa zinapoanzia, mstari mwembamba kama unywele unaopanda juu. Ukiuona, achana nayo, ufa kwenye ebonaiti hauponi, hata ukizibwa urushi itapasuka tena palepale.

Kwenye uzi wa kufungia na ndani ya kifuniko, pasipopakwa urushi, ebonaiti ya zamani inakuwa imepauka kuelekea kahawia. Hiyo ni dalili nzuri! Kalamu inayodaiwa ni ya 1935 na uzi wake ni mweusi ti kama wa jana inataka maelezo. Ukiwa nayo mkononi sugua kidogo hapo pasipo na urushi alafu unuse, ebonaiti inatoa harufu ya salfa, plastiki haitoi.

Alafu linganisha weusi wa kifuniko na weusi wa mwili. Urushi nyeusi ikizeeka inaelekea ukahawia wa mbali sana, na vipande viwili vilivyozeeka pamoja vinafanana. Kimoja kikiwa cheusi na kingine chekundu kwa mbali, ujue vimeoanishwa kutoka kalamu mbili. Ukifunga kifuniko, tawi lililoanzia mwilini linapaswa kuendelea kwenye kifuniko, na likikatika ghafla uliza kwanini.

Nibu: angalia kama ncha zote mbili zina kile kidonge cha chuma kigumu, kama zimekaa sawa, na kama nibu ni ya kalamu hiyohiyo. Miaka ya vita dhahabu ilizuiwa Japani na nibu zikawa za chuma, kwa hiyo kalamu ya kipindi kile yenye nibu ya dhahabu inayong'aa pengine imebadilishwa. Kwa Pilot za kuanzia miaka ya 1960 kuna zawadi: nibu ina herufi na tarakimu, mfano H374, yaani kiwanda cha Hiratsuka, mwezi wa 3, mwaka 1974. Ila hiyo ni tarehe ya nibu, na nibu zinahama.

Kukagua picha

Nunua lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, ni bei ndogo. Chini ya lenzi makie ya mkono ni kama kuangalia mchanga wa pwani: punje za dhahabu hazilingani, kuna kubwa na ndogo, zimesongamana mahali na mahali zimetawanyika mpaka zinapotea kwenye weusi, na mistari inaanza minene inaishia myembamba kwa sababu ni brashi iliyonyanyuliwa. Picha iliyochapishwa ina nukta zilizopangwa kama wavu, au dhahabu bapa isiyo na punje, na mistari ina unene uleule mwanzo mwisho. Kuna inayoitwa kindai makie, yaani makie ya kisasa, picha inawekwa kwa skrini ya kuchapia, na hizo zinauzwa kihalali kabisa kwa jina lake, tatizo linakuja pale mtu anapolikata lile neno la kwanza.

Kisha pitisha kidole, taratibu. Kama picha iko sawasawa na ardhi yake na kidole hakihisi mpaka wowote, hiyo ni togidashi: picha ilifunikwa yote kwa urushi alafu ikasuguliwa kwa mkaa mpaka ikaibuka tena. Kama unahisi mpaka mdogo sana ni hira, ya bapa. Kama imenyanyuka kabisa, mgongo wa joka unaushika, ni taka, imejengwa tabaka kwa tabaka. Watu wengi wanadhani iliyonyanyuka ndiyo bora kuliko zote. Mimi togidashi nzuri inanigusa zaidi, ule ukungu wa dhahabu unaoonekana kama uko chini ya maji, na kwa kalamu ya kutumia kila siku haichuniki kirahisi.

Weupe nao una siri yake. Urushi haiwezi kuwa nyeupe safi, kwa hiyo fundi akitaka theluji au korongo mweupe alikuwa anapanga vipande vya ganda la yai kimoja kimoja. Chini ya lenzi utaona nyufa zake kama udongo uliokauka. Gamba la chaza nalo linatumika, linaitwa raden, lizungushe kwenye mwanga, linatoka kijani kwenda waridi.

Sasa kuna ujanja mkubwa ambao lazima uujue. Mtu anachukua kalamu nyeusi ya kawaida ya miaka ya 1930, ambayo ni ya zamani kweli, anachora makie mpya juu yake, anauza kama kalamu ya makie ya 1930. Mwili ni halali, nibu ni halali, picha ni ya mwaka jana. Utamkamata kwa mikwaruzo. Kalamu ikitumika inachakaa pale kifuniko kinapochomekwa mkiani, na pale vidole vinaposhika, na mikwaruzo hiyo inatakiwa ipite juu ya picha, ikate dhahabu. Ukiona dhahabu nzima imelala juu ya mikwaruzo, yaani mkwaruzo unakuja, unapita chini ya jani, unatokea upande wa pili, picha imekuja baadaye. Angalia pia jina la kampuni lililochongwa mwilini, kama limejaa urushi nusu kusomeka, mwili umepakwa upya. Kalamu yangu ya tatu ilikuwa hivi, ndege wawili kwenye msonobari, na nilikaa nayo karibu mwaka ndipo nikaiona chini ya taa ya pembeni. Iliniuma sana, kwa sababu fundi alikuwa na mkono mzuri, angeiuza kwa jina lake ningeinunua vilevile.

Sahihi

Sahihi ni maandishi madogo ya dhahabu na mara nyingi alama nyekundu pembeni, iko karibu na mwisho wa mwili. Ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuongeza baadaye, dakika chache tu za kazi. Linganisha ubora wa mkono ule na ubora wa picha: jina kubwa juu ya nyasi zilizochorwa kwa kusitasita haliingii akilini. Na kalamu isiyo na sahihi sio dalili mbaya, nyingi za bei ya kawaida hazikusainiwa, nunua kwa kazi yenyewe.

Kulipa na kusafirisha

Piga hesabu yote kabla ya kuingia mnadani: bei, ada ya wakala, EMS (posta ya haraka), alafu ushuru na VAT ukifika nyumbani. Andika kikomo chako kwenye karatasi. Mwambie wakala asiunganishe kalamu na vitu vizito kwenye boksi moja.

Jihadhari na kitu kimoja, neno 鼈甲, bekko. Ni gamba la ng'amba, kasa yuleyule wa bahari yetu, na biashara yake kimataifa imepigwa marufuku. Kuna kalamu za zamani zimefunikwa kwa gamba lake na ni nzuri kwa macho, ila forodhani itakamatwa, na ng'amba waliobaki ni wachache mno kwa mtu kutafuta njia ya mkato.

Ikifika

Usiijaze wino siku hiyohiyo. Iache itulie, ifute kwa kitambaa laini kikavu, pumulia kidogo alafu futa, inatosha. Usitumie vanishi, polishi wala dawa ya meno. Nibu isafishe kwa maji ya kawaida yasiyo moto, chovya ncha tu, usiloweke mwili wa ebonaiti kwenye maji hata kidogo, palipo wazi patapauka usiku mmoja.

Kalamu kubwa za zamani nyingi zinajazwa kwa dropa, kile kibomba cha kudondoshea matone, na zina kifungio mkiani, kijiti kirefu kinachopita ndani ya wino na kuziba njia ya kwenda kwenye nibu. Kizibo kinachozunguka kile kijiti kilikuwa cha gome laini la mti, na baada ya miaka tisini kimekauka. Mimi sikujua. Nilijaza, nikaiweka mfukoni asubuhi ya Idi, na kabla hatujatoka msikitini kanzu ilikuwa na doa la bluu kifuani kama sahani. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa maji: jaza, funga, simamisha ndani ya glasi kavu usiku kucha, tishu chini ya mkia. Tishu ikilowa, kizibo kinataka kubadilishwa, na hiyo kazi mpelekee fundi wa kalamu anayejua urushi, anaweza kuweka oringi ndogo, pete ya mpira, bila kuumiza kitu. Usije ukaikaza kwa koleo.

Ikipita mtihani, fungua sehemu ya nibu, jaza wino kwa dropa, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye uzi, funga kwa vidole tu. Tumia wino wa kawaida wa kalamu, usio na unga unaoganda ndani. Ukitaka kuandika sana legeza mkia milimita mbili tatu, wino utashuka. Ukimaliza kaza tena. Ukiwa umeukaza bado utaandika karibu ukurasa mzima kwa wino uliobaki mbele.

Iweke mbali na dirisha. Urushi haiogopi asidi wala pombe ila jua inaliogopa, inapoteza mng'ao na kuwa kama vumbi, na hakuna kufuta kukarudisha. Unyevu wa Dar, Mombasa au Unguja hauisumbui, ila chumvi ya hewani inakula klipu na nibu za chuma, kwa hiyo kila mwezi zitoe, zifute, zitazame kwa taa ya pembeni, na zile usizoziandikia zikae tupu bila wino ndani.